HUYU MNAYEMWITA MWANDISHI HURU NI KIBARUA MWENZETU



Katika mkutano wa tawi uliopita kijana mmoja alisimama nyuma ya ukumbi akaomba ruhusa ya kusema. Mama yake ni mchuma chai, na yeye mwenyewe amezaliwa na kulelewa katika laini za wafanyi kazi wa chai hapa Kericho. Alisema ya kuwa kazi yake ni kuandika kwa malipo, kwamba amefanya kazi miezi mitatu bila kupata hata senti, na kwamba aomba chama kimsaidie. Mwenyekiti akamwuliza, "Mwajiri wako ni nani?" Kijana akajibu, "Simjui." Ukumbi wote ukacheka. Mwanachama mmoja akapaza sauti, "Basi wewe si mfanyi kazi, wewe ni mfanyi biashara. Nenda kwa wenye maduka wenzako!" Kijana akaketi, na neno lake likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Sisi hatukucheka. Tumeomba nafasi katika karatasi hii ili kila mwanachama aje mkutanoni akiwa amefikiri kwanza. Mfanyi kazi asiyemjua mwajiri wake amefichwa mwajiri huyo na watu wenye faida yao. Mkubwa wetu sisi wa reli, hata akiwa mkali namna gani, ofisi yake twaijua, na mlango wake twaweza kuugonga. Kijana huyu atagonga wapi?

SISI NI NANI HATA TUSEME HAYA

Sisi tu watu wa reli, wa genge la njia. Twatembea juu ya mataruma kutoka Londiani kuteremka Kipkelion, stesheni ambayo wazee huiita Lumbwa mpaka leo, na kuendelea chini hata Fort Ternan. Masomo yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, wala hatukwenda mbele. Lakini mwalimu wetu wa insha alikuwa mkali, na kalamu aliyotushikisha hatukuiacha. Kwa miaka tisa sasa, tukitoka kazini, tumekuwa tukipeleka habari za Kericho na Bomet kwa magazeti na redio. Hatuna barua ya kuajiriwa, hatuna mshahara. Twalipwa kwa kila habari iliyotolewa, na isiyotolewa hatulipwi. Kazi hii huitwa kazi ya mwandishi huru. Basi tusemayo hapa hatukuyasoma, tumeyaonja.

Tuanze na utamu wake, maana upo, na mtu akiuficha ni mwongo.

Habari yetu ya kwanza ilikuwa ya daraja la miti lililochukuliwa na maji upande wa Bomet, hata watoto wakakosa kuvuka kwenda shule. Ilitoka katika ukurasa wa ndani, mistari saba, bila jina letu. Chini yake paliandikwa "Na Mwandishi Wetu" tu. Haikupita wiki mbili malori ya mawe na saruji yakafika pale kijitoni. Mama mmoja mzee alituletea kibuyu cha mursik akasema, "Nimepiga kelele mwaka mzima, nyinyi mmeandika siku moja." Ndugu zetu, siku ile tulitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Tena kuna miezi ya neema. Mwezi mmoja tulitoa habari sita, tukalipa karo ya mtoto bila kwenda kwa mkopeshaji. Raha hiyo twaijua, na ndiyo iliyotufanya tusiache.

Sasa uchungu wake. Mwaka mmoja tuliomba siku ya likizo, tukapanda matatu kutoka Kericho hata Litein, kisha Bomet, kusikiliza mkutano wa wakulima wa chai wakilalamika juu ya bonasi yao. Tuliandika mpaka usiku. Nauli na simu vilikula shilingi 700. Gazeti likakata habari ile ikabaki mistari michache, na malipo hupimwa kwa kile kilichotoka, si kile kilichoandikwa. Tulipata shilingi 500, nazo zilifika baada ya miezi minne. Kwa hesabu ya shule ya misheni, tulilipa shilingi 200 ili tupate ruhusa ya kufanya kazi. Mara nyingine habari yetu ilichukuliwa yote, ikatoka chini ya jina la mtu aliyekuwa Nairobi siku hiyo. Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole ya kuwa tukiona taabu, wako vijana wengi wanaongoja nafasi.

Maneno hayo ya mwisho kila mwanachama ayatazame vizuri. "Wako wengi wanaongoja." Sisi wa reli tumeyasikia. Wachuma chai wameyasikia. Ndiyo maneno ya kwanza ya kila mwajiri mahali pasipo na chama.

MIZANI YA CHAI NA MIZANI YA MANENO

Twaishi katika nchi ya chai, basi na tulinganishe kwa chai.

Mchuma chai katika mashamba makubwa hulipwa kwa kilo. Akivunja majani mawili na chipukizi tangu asubuhi, jioni kapu lake hupelekwa mizani. Hiyo ni kazi ya kipande. Mvua ikimzuia, amekosa. Akiugua, kapu ni tupu. Twajua jinsi wachuma wanavyonung'unika juu ya mizani na karani wa mizani. Walakini mchuma huyu ana kitu kimoja ambacho mwandishi hana. Bei ya kilo yake imeandikwa katika mapatano kati ya chama cha wafanyi kazi wa mashamba na waajiri. Karani wa mizani hawezi kuamka Jumatatu akasema, "Leo kilo ni nusu ya bei." Akithubutu, kuna mtu wa chama, kuna karatasi yenye sahihi, na kuna mahakama ya kazi.

Mwandishi anapeleka kapu lake wapi? Kwa mhariri. Nani ameweka bei? Mhariri, au tajiri wa mhariri. Nani apima? Huyo huyo. Nani asema majani haya ni mabovu, yatupwe? Huyo huyo. Majani yaliyotupwa, yakitumika kesho kwa siri, mwandishi atamwendea nani? Mchuma aona mizani kwa macho yake, lakini mwandishi huambiwa uzito kwa simu, tena baada ya miezi mitatu.

Mkulima mdogo wa Bomet naye ana shida ya namna hiyo. Apeleka majani kituoni, apata malipo ya kwanza ya mwezi, kisha angoja bonasi ya mwaka bila kujua mnada wa Mombasa utamletea nini. Lakini hata mkulima huyu ana kiwanda chake, ana wakurugenzi aliowachagua, na bonasi ikiwa mbaya huenda barabarani na wenzake maelfu. Mwandishi akinyimwa hunung'unika peke yake katika saiba, akiogopa hata kumwambia mwandishi mwenzake bei aliyopewa, asije akanyang'anywa nafasi.

NENO "HURU" LIMETUDANGANYA

Kama jina lake lingekuwa "kibarua wa kalamu," kila mtu angemhurumia. Lakini ameitwa mwandishi huru, na neno hilo tamu limewalaza wengi usingizi. Huru kwa nini? Ati hana saa za kazi, hana nyapara, aweza kukataa kazi asiyoipenda. Sisi twauliza: mtu mwenye kodi ya nyumba na mtoto mwenye homa aweza kukataa kazi gani? Saa zake za kazi ni zote ishirini na nne. Simu ikilia usiku, huamka.

Maneno haya ya uhuru ni ya zamani. Katika bandari ya Mombasa walikuwako vibarua wa siku, waliosimama asubuhi wakingoja kuitwa. Wakubwa walisema ya kuwa vibarua hawa wapenda hali hiyo, kwa kuwa wataka uhuru wa kufanya kazi leo na kupumzika kesho. Ikaja Januari 1947. Watu wa bandari na watu wa reli, vibarua na wenye mishahara, kwa maelfu, waliacha kazi pamoja, na Mombasa ikasimama kwa siku kumi na mbili. Kutoka katika mgomo ule uliinuka umoja wa wafanyi kazi wa Kiafrika ulioongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka ule ule. Ikiwa kibarua wa siku alipenda sana uhuru wake wa kulala njaa, mbona aligoma?

Ndugu wa reli, kumbukeni hili hasa. Mwaka 1947 watu wa reli hawakumwambia kibarua wa bandari, "Wewe huna mwajiri wa kudumu, si mwenzetu." Laiti wangesema hivyo, mgomo ungalivunjika siku ya kwanza. Sisi ni wajukuu wa watu wale, nasi twamcheka kijana ukumbini?

SHERIA INASEMAJE

Wengine husema mambo ya waandishi hayamo katika sheria za kazi. Tumezisoma kadiri ya uwezo wetu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaijua kazi ya kipande. Yasema ni kazi ambayo malipo yake hupimwa kwa wingi wa kazi iliyofanywa, bila kutazama muda uliotumika. Je, hayo si maelezo ya mwandishi anayelipwa kwa mstari? Sheria hiyo yataka mfanyi kazi wa kipande alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri aliyofanya, au kazi inapomalizika, lolote litakalotangulia. Tena yasema ya kuwa kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi, ahesabiwe kama mtu wa mwezi. Matajiri wa magazeti wanajua. Ndiyo maana hukazana kumwita mwandishi "mtoa huduma" na wala si mwajiriwa, ili sheria hii impite kando. Jina moja tu likibadilishwa, haki zote huruka kama ndege.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, yasema mwandishi ndiye mwenye mali yake kwanza. Lakini papo hapo yaongeza ya kuwa kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeiagiza, isipokuwa kama wamepatana vingine. Waandishi, someni hapo mara mbili. Usipoandika mapatano, yule aliyekuagiza habari moja kwa shilingi 500 aweza kuiuza mara kumi, nawe huna lako. Mapatano yakiandikwa, hata katika mistari minne, mambo hugeuka. Lakini ni kijana gani peke yake atamwambia tajiri, "Tia sahihi hapa kwanza"? Ni chama tu kiwezacho kusema hivyo.

Na serikali? Serikali yamwona mwandishi vizuri sana siku ya kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka makato ya asilimia 5 juu ya malipo ya kazi za mtandaoni. Basi ikiwa ni mfanyi kazi wa kutosha kukatwa kodi, awe pia mfanyi kazi wa kutosha kulindwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyi kazi ana haki ya kuunda chama, kujiunga na chama, na kugoma. Haikusema kila mfanyi kazi mwenye barua ya kuajiriwa.

MASHINE IMEFIKA KWAO PIA

Sasa tufike kwa kijana wetu na jinsi alivyomkosa mwajiri wake.

Kuanzia mwaka 2016 serikali iliwahimiza vijana, kwa mpango ulioitwa Ajira, watafute kazi katika mtandao. Wengi walikwenda. Kijana huyu hakupata akaunti yake mwenyewe, akaandika kwa akaunti ya mtu mwingine, naye mwenye akaunti hukata fungu lake. Kazi ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ukurasa mmoja ni maneno 275, na yeye alipata shilingi 300 kwa kila ukurasa. Usiku aliandika, mchana alilala. Kwa mwaka mmoja alipata fedha kuliko mama yake shambani, akamnunulia mama godoro na mitungi ya maji. Kisha kazi zikapungua. Kisha mwenye akaunti akazima simu, na kazi ya miezi mitatu ikapotea naye. Huyo mwenye akaunti ndiye nyapara wa kisasa. Nyuma yake kuna kampuni ambayo kijana haijui, na nyuma ya kampuni kuna mwanafunzi asiyemjua yeye.

Kwa nini kazi zilipungua? Mwezi wa Novemba 2022 ilitolewa kwa watu wote ile mashine iitwayo ChatGPT, ambayo huandika yenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa akimlipa kijana wa Kericho sasa huiuliza mashine bure.

Ndugu wa chai hawahitaji kuelezwa habari ya mashine. Mnazijua mashine za kuchuma, jinsi moja ifanyavyo kazi ya makapu mengi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilizidi, mashine kadhaa zikachomwa moto hapa Kericho. Sisi hatuwahukumu wenye njaa, lakini twasema kweli: mashine iliyochomwa ina bima, na nyingine huja kwa meli. Mchuma aliyekamatwa hana bima.

Basi tazameni mwezi ule ule mahali pengine. Tarehe 1 Mei 2023, jijini Nairobi, watu zaidi ya 150 waliofanya kazi kwa Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia makampuni ya katikati, walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Hao walikuwa wakisafisha machafu ya mtandao na kuifunza mashine adabu, na wengi wao walikuwa wakiambiwa ya kuwa hao wakubwa wa ng'ambo si waajiri wao. Kesho yake, tarehe 2 Mei, huko Marekani waandishi wapatao 11,500 wa sinema na televisheni waliweka kalamu chini. Watu hawa nao huajiriwa kwa kazi moja moja, leo wapo, kesho hawapo. Lakini wana chama. Waligoma siku 148, mpaka tarehe 27 Septemba. Katika mapatano waliyoyapata iliandikwa ya kuwa mashine haitahesabiwa kuwa mwandishi, kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia, na kwamba mwandishi akipewa maandishi ya mashine ayatengeneze, lazima aambiwe.

Mwezi ni mmoja na adui ni mmoja. Walioungana walipata karatasi yenye sahihi. Moto peke yake haukuleta karatasi.

TUNAWAJIBU WALIOCHEKA

Neno la kwanza: "Kazi ya kijana huyu ni kuwasaidia wanafunzi kudanganya." Ni kweli, nasi hatuisifu. Mwalimu wetu wa misheni angetuchapa kwa kumwandikia mwenzetu insha moja. Uingereza mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo huko Uingereza yenyewe, na ilifanya vyema. Lakini tazameni faida ilikwenda kwa nani na lawama imebaki kwa nani. Kama tungalikuwa na chama cha waandishi hapa Kericho, kijana angalipata mtu wa kumwambia mapema, "Kazi hii ni mbovu, njoo kwenye iliyo safi." Asiye na chama huokota chochote kilichoanguka njiani.

Neno la pili: "Mwandishi hodari hafi njaa, anayelia ni mvivu." Shaaban Robert alikuwa hodari kuliko sisi sote tukijumlishwa. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika, na kwa miaka mingi maisha yake yalishikwa na mshahara wa ukarani wa serikali. Ikiwa yeye alihitaji meza ya karani, msimwambie mtoto wa mchuma chai kwamba njaa yake ni uvivu. Sisi wenyewe twaandika kwa sababu reli hutulipa. Siku reli ikitufukuza, kalamu haitatulisha wiki mbili. Aibu hiyo si yetu, ni ya bei.

Neno la tatu: "Chama chetu ni cha reli, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Nani huandika habari mshahara wetu ukichelewa? Nani huandika gari likianguka na mwenzetu akaumia? Ni huyu mwandishi wa shilingi 500. Mwandishi mwenye njaa hununuliwa kwa bei ya sahani ya chakula. Tumeona bahasha ikipita mikononi baada ya mikutano ya wakubwa, na kesho yake habari ikatoka laini kama uji. Tukitaka habari zetu ziandikwe kwa ukweli, yule aandikaye awe na chakula chake mwenyewe, asichukue cha mkubwa.

Tena msidhani hali hii itabaki kwa waandishi. Leo wamwita mwandishi "mtoa huduma." Kesho mtu wa genge la njia ataitwa "mtoa huduma ya mataruma," alipwe kwa kila taruma alilogeuza, na siku ya mvua asilipwe. Wakati huo tutamwita nani atusaidie, kama leo twacheka?

TUNALOOMBA MKUTANO UKUBALI

Hatuombi kijana huyu aandikwe mwanachama wa reli. Katiba ya chama hairuhusu, nasi twaiheshimu. Twaomba mambo manne tu, nayo hayatagharimu chama fedha nyingi.

1. Waandishi wa kipande wa Kericho na Bomet wapewe ukumbi wa tawi Jumamosi moja kila mwezi, bila malipo, wajuane kwa sura na kwa majina. Watu wasiojuana hawawezi kupatana bei.

2. Katibu wa tawi, aliye mzoefu wa mapatano, awasaidie kuandika orodha ya bei ya chini: kwa habari, kwa picha, kwa ukurasa, na nauli iwe mbali. Uingereza chama cha waandishi wa habari kilianza mwaka 1907, nacho kina waandishi wa kipande ndani yake na huwasaidia kujua bei inayofaa. Hata sisi twaweza. Mwandishi mmoja akikataa bei mbaya ni mkaidi. Arobaini wakikataa, bei imepanda.

3. Iandikwe hati fupi ya mapatano ambayo kila mwandishi ataitumia kabla ya kuanza kazi: ni kazi gani, bei gani, kulipwa lini, na mali ni ya nani kazi ikitumika mara ya pili.

4. Tawi letu liandike barua kwa KUJ, chama cha waandishi wa habari cha nchi hii, na kwa ndugu wa chama cha mashamba, kuwaomba waje hapa wakae nao. Mlango wa waandishi ni huko, sisi ni wa kuwasindikiza tu mpaka mlangoni.

Na ninyi waandishi mtakaosoma karatasi hii, maana twajua huzunguka hata huko saiba, hapana budi tuwaambie nanyi neno la ukweli. Acheni kufichana bei. Acheni kukimbilia kazi ambayo mwenzenu ameikataa kwa sababu ya bei mbaya, mkaichukua kwa bei mbaya zaidi. Acheni kujiona mabwana kwa kuwa mwashika kompyuta na mama zenu washika kapu. Mama yako aliye na kapu ana mapatano. Wewe uliye na kompyuta huna. Nani mwenye kumfundisha mwenzake hapo?

Yule kijana tumemwona juzi. Anasaidia kupakia majani katika kituo cha kununulia chai, kazi ya siku. Tulimwuliza kama ataacha kuandika. Akasema hawezi, kwa maana usiku maneno humjia. Twamwelewa. Tukamwomba aje katika mkutano ujao, aketi mbele safari hii. Amekubali, ijapokuwa aliuliza kama watu watacheka tena.

Ndugu wanachama, jibu la swali hilo ni lenu.

Mkutano umepangwa mwisho wa mwezi, baada ya siku ya mshahara. Njoni wote.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.

Ni sisi ndugu zenu wa genge la njia.